Usiku Mmoja wa Disemba

Asanteni jamani, naona kuna waliosimama kule nyuma, sogeeni sogeeni huku mbele nafasi ipo.

Nianze na tarehe 2 Disemba 1802, huko Hampshire, kusini mwa Uingereza. Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, bado wiki mbili afikishe miaka 27, yeye na dada yake ni wageni kwenye nyumba ya marafiki zao, na usiku huo kijana wa nyumba hiyo, Harris Bigg-Wither, miaka 21, mrithi wa jumba na mashamba makubwa, anamposa. Jane anakubali. Watu wanaenda kulala na furaha yao. Kulipokucha Jane anasema hapana, hawezi, na siku hiyo hiyo yeye na dada yake wakapanda gari la farasi wakaondoka, na hadi anakufa hakuolewa.

Sasa mimi kila nikishika hizi riwaya za mapenzi za kina lodi na kina ledi, yaani mabwana na mabibi wa tabaka la juu Uingereza, hasa zile zinazosimulia miaka ya 1811 hadi 1820, wakati maradhi ya akili yamemlemea Mfalme George III na mwanawe ndo anatawala kwa niaba yake, huwa naukumbuka usiku ule. Nilianza kuzisoma nikiwa chuo Nairobi, vile vitabu vya kuinama, unainama pavementi unachagua, na tangu hapo watu wananiuliza, wengine kwa dharau kabisa, wewe unatafuta nini kwa hadithi za magauni na magari ya farasi? Natafuta ule usiku, yaani zile saa chache kati ya ndiyo na hapana, mtu amelala macho anapima maisha yake yote.

Maana hebu tuangalie sheria ilikuwaje. Mwanamke wa Uingereza wakati ule akiolewa, pesa yake inakuwa ya mume, na akipata mshahara pia ni wa mume. Familia tajiri zilikuwa zinaandika mikataba kabla ya ndoa kulinda fungu la binti yao, lakini hiyo ni kwa mwenye mawakili. Mke kuruhusiwa kushika mshahara wake mwenyewe ni sheria ya 1870, na mali yake kwa jumla ni 1882. Na ukitaka kuachana? Kabla ya 1857, talaka ya kukuwezesha kuolewa tena ilikuwa lazima ipitishwe na Bunge, sheria nzima kwa ajili ya ndoa yako moja, na wanawake waliowahi kuipata kwa njia hiyo ni 4. Wanne, jamani!

Kwa hivyo msichana wa miaka 19 anatakiwa achague mtu ambaye hatoki kwake mpaka kifo, na njia za kumjua huyo mtu wamezifunga karibu zote. Kukaa naye chumbani peke yao hapana, kuandikiana barua kabla ya uchumba hapana. Kinachobaki ni densi. Na densi mbili za kufuatana zilichukua kama nusu saa, mnasogea mnarudi, mnashikana mikono ikiwa ndani ya glovu, mnaongea kidogo kidogo kila mkikutana, na mkirudia sana kucheza pamoja usiku mmoja watu washaanza kuhesabu na kunong'ona. Ndo maana mwandishi mzuri anaweza kutumia kurasa kumi kwa densi na msomaji hachoki, kwa sababu hiyo nusu saa ndo uchunguzi wote alioruhusiwa huyo msichana, anasikiliza huyu mtu anaongeaje na mtumishi, anakasirika upesi, ananidharau ama ananiona?

Na mlango wenyewe wa kuingilia huko ulikuwa na walinzi. London kulikuwa na ukumbi wa Almack's, densi kila Jumatano, tiketi zinatolewa na kikundi kidogo cha wanawake wa tabaka la juu, na uwe na pesa kiasi gani wakikukataa huingii. Nikisoma hayo nawaona mashangazi zangu kabisa, sisi tuliokulia Pwani tunajua posa inaletwa na mshenga lakini kabla hajabisha hodi kina mama washaulizana ukoo mzima, huyu mtoto wa nani, baba yake aliishije na mkewe. Tunazielewa hizi hadithi haraka, hatuhitaji kufundishwa.

Kuna jambo siwezi kulipita. Mashamba ya nyumbani hayakulipa kila kitu kwenye yale majumba, familia nyingi zilikula pesa ya sukari ya Karibi, jasho la Waafrika waliofanywa watumwa. Biashara ya watumwa Uingereza iliipiga marufuku 1807, utumwa wenyewe kwenye makoloni yale sheria ikapita 1833, na fidia ya pauni milioni 20 wakalipwa waliomiliki watu. Mimi nataka mwandishi anayelijua hilo na anayeacha lionekane, hata kwa mhusika mmoja anayeuliza mahari hii imetoka wapi, na riwaya inayolikwepa kabisa huwa naiweka chini, siwezi kumpenda huyo lodi.

Lakini narudi kwa Jane. Mwaka 1811 kitabu chake cha kwanza kilichapishwa, jina lake halipo, kimeandikwa tu kwamba ni cha ledi fulani. Toleo hilo likaisha, na faida yake ikawa pauni 140. Angekuwa ameshika lile neno la Disemba angeishi kwenye jumba kubwa, na kisheria zile pauni 140 zingekuwa za Bwana Harris. Zilikuwa zake.