Kwa nini sindano ya dayalisisi haitibu kiharusi: erithropoietini nje ya uboho
(Mhadhara kwa wauguzi, matabibu na wanafunzi, Moshi)

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Tuanze na mlima huu uliotuinamia. Mpagazi akifika Uhuru, mita 5,895, kila pumzi anayovuta ina oksijeni karibu nusu ya ile ya Tanga. Figo zake zimekwisha kuhisi upungufu huo tangu njiani, na ndani ya saa chache zimeongeza erithropoietini, homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Siku tatu au nne baadaye chembe nyekundu changa zinaongezeka katika damu. Kazi hiyo mnaijua, maana ndiyo mnayoisaidia kwa sindano mgonjwa wa figo anapokuja kusafishwa damu. Nimekuja kueleza kazi ya pili: kulinda tishu iliyoumia, na kwa nini sindano hiyohiyo haijawa dawa ya kiharusi.

Anayehusika sana na kazi hiyo ni mtafiti Anthony Cerami wa Marekani, na njia yake ilipitia kwa mbung'o. Alitaka kujua kwa nini mnyama mwenye tripanosoma, vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, hukonda hadi kufa hata pale vimelea vilivyomo mwilini ni vichache. Akiwa Chuo Kikuu cha Rockefeller, aliona kwamba kinachommaliza mnyama ni kemikali ya mwili wake mwenyewe. Aliiita kakektini, na mwaka 1985 ikabainika kuwa ndiyo TNF, kemikali ya kinga inayochochea uvimbe. Mfugaji wa huku aliyewahi kupoteza ng'ombe kwa nagana ameuona ukondefu huo kwa macho yake.

Sasa tazameni jeraha, tuseme sehemu ya ubongo iliyokosa damu. Katikati seli zimekufa, hizo hatuziokoi. Pembezoni ziko seli zinazoyumba, na TNF inazimaliza polepole. Seli hizo hutoa vipokezi vya erithropoietini, yaani protini zinazoinasa homoni hiyo, lakini TNF hiyohiyo inazuia erithropoietini isitengenezwe hapo. Mlango umefunguliwa, mgeni hafiki. Mwaka 2000 mtafiti Michael Brines, Cerami na wenzao walionyesha kwamba erithropoietini ikidungwa kwenye mwili wa panya huvuka hadi kwenye ubongo, na hupunguza uharibifu hata ikitolewa saa sita baada ya damu kuzibwa.

Ugumu uko kwenye vipokezi. Katika uboho, vipokezi viwili vya aina moja hushikana, na vinanasa homoni hata ikiwa kidogo mno. Katika tishu iliyoumia, kipokezi kimoja cha erithropoietini huungana na kingine kiitwacho CD131. Jozi hii hushika kwa udhaifu, kwa hiyo inahitaji homoni nyingi, ingawa kwa muda mfupi tu. Ukitoa dozi ya kuitosha tishu, uboho nao unasikia, tena kwa sauti kubwa: damu inakuwa nzito, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinachangamka, mabonge yanajitokeza.

Ndiyo maana majaribio kwa binadamu yalivunja moyo. Hannelore Ehrenreich wa Ujerumani alianza na wagonjwa 40 wa kiharusi, yuniti 33,000 kwa siku kwa siku tatu, na matokeo ya mwaka 2002 yalitia matumaini. Jaribio kubwa la wagonjwa 522, lililochapishwa mwaka 2009, lilitumia yuniti 40,000 kwa siku. Waliopewa dawa walikufa asilimia 16.4, wasiopewa asilimia 9.0. Wengi wa wagonjwa wa jaribio hilo walikuwa wamepewa pia dawa ya kuyeyusha mabonge, na huenda mchanganyiko huo ulichangia. Mwaka 2022 Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watoto wachanga 500 waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa: faida haikuonekana, madhara makubwa yakazidi.

Kwa hiyo nawasihi, kichupa kilichomo kwenye friji ya dayalisisi kibaki kwa kazi yake. Joto nyuzi 2 hadi 8, kisigande, kisitikiswe, kwani protini huharibika. Pimeni madini ya chuma kwanza. Bila chuma uboho hauna cha kujengea, nanyi mtapandisha dozi bure. Anzeni na yuniti 50 hadi 100 kwa kilo, mara tatu kwa wiki. Himoglobini ikipanda zaidi ya gramu 1 kwa desilita katika wiki mbili, punguzeni dozi kwa robo. Shinikizo la damu lisisahauliwe hata siku moja.

Cerami na Brines walitafuta jinsi ya kutenganisha kazi hizo mbili. Molekuli ya erithropoietini ina misokoto minne, A hadi D. Upande wa nje wa msokoto B haugusi vipokezi vya uboho. Kutokana na upande huo walitengeneza kipande kidogo cha asidi amino 11, ARA 290. Hupotea kwenye damu ndani ya dakika chache, lakini ishara ikishapokelewa kazi huendelea, na himoglobini haipandi. Wagonjwa wenye maumivu ya neva nyembamba yatokanayo na sakoidosi, ugonjwa wa vinundu vya uvimbe viungoni, walidungwa miligramu 4 chini ya ngozi kila siku kwa siku 28, na dalili zao zikapungua. Dozi hiyohiyo ilijaribiwa kwa wenye kisukari cha aina ya pili: neva zilipata nafuu, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, ikashuka. Kipimo hicho mnachokiandika kwenye fomu za maabara kila kliniki ya kisukari, Cerami alikuwa miongoni mwa walioonyesha mwaka 1976 kwamba kinafuata sukari ya mgonjwa.