Kaa Kwenye Mkeka Kwanza

Makofi tunzeni kwanza, hamjui nitawagombeza kiasi gani. Kila Idi nasema haya haya, na kila Idi ikipita naletewa picha zile zile: watu thelathini wamepangwa ukutani kama wanasubiri kuhojiwa polisi, watoto wamekunja nyuso kwa jua la saa saba la Mtwara, na mama aliyepika hayumo.

Kosa linaanzia kwa mpiga picha anayesimama mlangoni akipaza sauti, "Haya, tuangalie hapa!" Shughuli imeishia hapo. Shangazi aliyekuwa anacheka mpaka machozi anakumbuka pengo lake, anafunga mdomo.

Mimi nilifundishwa na pilau, nyumbani kwetu Mikindani. Mjomba na baba mdogo walikuwa hawasemezani tangu msimu wa korosho, ugomvi wa mpaka wa mikorosho. Nyie ni watu wa Kusini, siwaelezi zaidi, na mnajua huku mjomba akinuna nyumba nzima imenuna. Nikawasimamisha bega kwa bega, nikawaambia wacheke. Wakacheka. Picha ile hata leo siipendi: meno nje, macho yamepigwa kufuli.

Mke wangu akanivuta shati. "Hebu kaa ule, linapoa." Nikakaa kwenye sinia moja na wale wazee, simu nimeiegemeza gotini, mkono wa kushoto. Tunakula kimya. Mnofu mmoja wa paja ulikuwa upande wa mjomba. Akausukuma kwa vidole viwili, polepole, hata hauangalii, ukakata wali katikati ya sinia mpaka mbele ya baba mdogo. Hakusema neno. Baba mdogo akaupasua, nusu akairudisha. Nikabonyeza kitufe cha sauti ubavuni mwa simu, nacho hupiga picha, mara tatu. Nyuso hazimo. Ni mikono, saa ya mjomba, na punje za wali zimeganda vidoleni. Hiyo ndiyo iliyotiwa fremu sebuleni kwa bibi. Ile ya bega kwa bega hakuna aliyeiulizia.

Nisingekaa kula, ningeukosa mnofu ule. Ndiyo hoja yangu yote.

Dada pale ananiangalia kwa jicho la kusema huu ni wizi, kuwapiga watu hawajui. Sawa, nakujibu. Kupiga ni jambo moja, kuituma picha kwenye grupu ni jambo jingine. Ya kutuma, mwonyeshe mwenyewe kwanza. Akisema futa, futa mbele yake, na usinung'unike. Jikoni wanawake wamevua ushungi, wewe mwanaume na simu yako unafuata nini? Mpe binti wa nyumba apige, na zikibaki kwenye simu yake, zibaki.

Mwingine atasingizia simu ya bei rahisi. Tatizo ni kanzu! Kamera hupima mwanga kama vile kila kitu mbele yake ni kijivu. Ikikutana na kanzu nyeupe kumi inaona mwanga umezidi, inapunguza, na babu anabaki kivuli chenye kofia. Gusa uso wake kwenye skrini, uache kanzu, kisha pandisha mwanga kidogo. Kanzu ikiungua, yaani ikatoka nyeupe tupu, iungue, nani anahesabu vifungo? Na wazee wakae karibu na mlango, jua lisiwafikie. Fleshi zima.

Zimebaki dakika ngapi? Mbili! Na watoto sijawagusa. Haya: piga magoti uwe usawa wa macho yao, na kama kamera yako inakuruhusu kuchagua kasi ya kunasa picha, wakikimbia usiende polepole kuliko 1/250 ya sekunde. Wazee wetu walisimama wima kama milingoti kwa sababu rola la filamu lilitoa picha 24 au 36, kila mbonyezo ni hela. Wewe una nafasi ya picha elfu na bado unawasimamisha!

Futeni lenzi kwa kanga kavu, kidole chenye mafuta hapana. Na wewe kijana wa nyuma, nimekuona ukimpiga picha mzee anayesinzia hapo pembeni. Msubiri aamke, umwonyeshe.