Gunia Lililotulia Juu ya Mizani: Kufundisha Kani Tokeo na Msawazo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu wa fizikia na hisabati kutoka Mtwara mjini, Masasi, Newala, Tandahimba, na ninyi mliotoka Lindi, habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie mada ambayo kwa miaka mingi tumeifundisha kidato cha pili: kani zilizo katika msawazo, yaani misukumo na mivuto inayofutana mpaka jumla yake inakuwa sifuri. Kitabuni ni mada fupi. Vipindi vichache, kanuni moja au mbili, mazoezi, halafu tunahamia kwenye mashine rahisi. Mimi naamini tunaikimbia mno. Mwanafunzi anayepita hapa bila kuelewa atakuja kukwama kwenye sheria za Newton, na huko tutamlaumu kwamba hajui hesabu, wakati hesabu anaijua.

Ombi langu leo ni moja. Mwanafunzi asichore mshale wowote wa kani mpaka ataje vitu viwili: kinachosukuma au kuvuta, na kinachosukumwa au kuvutwa. Akishindwa kutaja vyote viwili, mshale huo usichorwe. Hilo tu. Mengine yote nitakayosema yanatoka humo.

Tuanze na kitu ambacho watoto wengi wa mikoa yetu wamekiona msimu wa korosho. Gunia limewekwa juu ya mizani kwenye ghala la chama cha msingi. Mizani inasoma kilo 80. Gunia limetulia. Waulize wanafunzi: kuna kani gani kwenye gunia hili? Wengi watajibu, "Hakuna, kwa sababu halisogei." Wachache watasema ipo moja, uzito. Ni nadra kumpata atakayesema kwamba bamba la mizani linalisukuma gunia kwenda juu.

Sasa weka masharti yale. Nani analivuta gunia? Dunia, kwa nyutoni 800 kwenda chini (nyutoni ndicho kipimo cha kani), tukichukua nyutoni 10 kwa kila kilo. Nani mwingine analigusa? Bamba la mizani. Kama bamba halisukumi, gunia lingepaswa kuanguka, na haliangukii popote. Kwa hiyo bamba linasukuma kwenda juu kwa nyutoni 800. Jumla ni sifuri. Jumla hiyo ndiyo kani tokeo, na naomba tulisisitize hili darasani bila kuchoka: kani tokeo si kani ya tatu inayokuja kuungana na zile mbili. Hakuna kitu chochote kinachoitoa. Ni hesabu tunayoifanya sisi baada ya kuzihesabu kani zote zilizopo. Mwanafunzi anayechora mshale wa uzito, mshale wa bamba, kisha mshale wa kani tokeo kwenye mchoro huohuo, amehesabu kitu kimoja mara mbili, na majibu yake yataharibika hata kama ametumia kanuni sahihi.

Tusiliache gunia bado. Mtu mmoja ashike pembe ya gunia na kulinyanyua kidogo tu, kwa nyutoni 50, gunia likiwa bado juu ya mizani. Mizani itasoma kilo ngapi? Waachie dakika mbili wabishane. Itasoma 75. Mwingine akandamize kwa nyutoni 50, itasoma 85. Je, korosho zimepungua au kuongezeka? Hata moja. Dunia inavuta nyutoni 800 zilezile. Kilichobadilika ni msukumo wa bamba, kwa sababu sasa kuna mkono unaosaidia au unaoongeza kazi. Na katika hali zote tatu kani tokeo ni sifuri, maana gunia limetulia mwanzo mpaka mwisho. Mtoto akielewa hapo, ameelewa mambo mawili makubwa kwa mara moja: kwamba mizani haisomi uzito wenyewe bali kani kati ya bamba na gunia, na kwamba msawazo hauna maana ya kutokuwepo kwa kani. Pia atakuwa na jibu la kumpa mzazi wake anayeuza korosho, anapouliza kwa nini mtu yeyote asiguse gunia linapopimwa.

Najua swali linalofuata, maana huulizwa kila darasa: bamba linajuaje lisukume kiasi gani? Meza, sakafu, ukuta, vyote havina misuli. Swali hili ni zuri kupita majibu yetu mengi. Tusilijibu kwa kusema "ndivyo sheria inavyosema." Chukua ubao mwembamba, uweke kama daraja kati ya madawati mawili. Weka chupa moja ya maji, ubao unapinda. Weka ya pili, unapinda zaidi. Unapinda mpaka pale msukumo wake kwenda juu unapolingana na uzito, kisha unatulia. Sasa weka ubao mnene zaidi, upindaji unapungua. Halafu meza. Meza nayo inapinda, ila jicho halioni. Ukitaka jicho lione, laza kioo kidogo cha kujitazamia juu ya meza pale jua linapoingia dirishani, mwanga uruke mpaka ukuta wa mbali au dari. Mwambie mwanafunzi aegemee meza karibu na kioo. Doa la mwanga litahama. Akiondoka, linarudi. Hakuna aliyeona hilo akaendelea kusema meza haina kani.

Njia hii ya kupita hatua kwa hatua, kutoka kitu laini kinachopinda waziwazi mpaka kitu kigumu, haikubuniwa na mimi. Mtafiti John Clement wa Marekani ameieleza kwa kirefu, na nimeona inakwenda vizuri na vifaa vyetu, hata shule ambayo maabara yake ni kabati moja.

Tupite kwenye mwendo, maana hapa ndipo penye ubishi mkali. Kivuko kinatoka Mtwara mjini kwenda Msangamkuu. Kiko katikati ya maji, kinakwenda mstari ulionyooka kwa kasi isiyobadilika. Kani tokeo ni ngapi? Darasa zima litasema injini inashinda maji, ndiyo maana kinakwenda. Hapana. Injini ingekuwa inashinda, kasi ingekuwa inaongezeka. Msukumo wa injini na upinzani wa maji vinalingana, na kani tokeo ni sifuri, sawasawa na gunia kule ghalani. Injini ilishinda wakati wa kuondoka tu, pale kasi ilipokuwa inapanda. Basi la Dar es Salaam ni hivyohivyo. Tuseme tungamo lake ni kilo 15,000. Linapoondoka stendi, barabara inalisukuma mbele kwa nyutoni 15,000, upinzani ni nyutoni 3,000. Kani tokeo ni 12,000, na mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi inaongezeka kila sekunde, ni mita 0.8 kwa sekunde kwa sekunde. Kadiri kasi inavyopanda, upinzani wa hewa unakua, dereva naye anapunguza mafuta, mpaka pande mbili zinalingana. Kuanzia hapo abiria wanasinzia, na basi liko kwenye msawazo likikimbia kilomita 80 kwa saa.

Wazo la kwamba mwendo lazima uwe na kani inayouendesha lina miaka zaidi ya elfu mbili. Aristotle alilishikilia, na ilichukua kazi ya Galileo na kisha sheria za Newton za mwaka 1687 kuling'oa. Tusishangae basi kama mtoto wa miaka kumi na minne hajaling'oa kwa vipindi viwili. Mwaka 1992 David Hestenes, Malcolm Wells na Gregg Swackhamer walichapisha kule Marekani jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu dhana ya kani, halina hesabu ndani yake. Wells alikuwa mwalimu wa sekondari kama sisi. Lilipotolewa kwa wanafunzi, hata wa vyuo vikuu, wengi waliokuwa wakikokotoa vizuri walionekana bado wanaamini kwamba kitu kinachokwenda lazima kibebe kani ya mwendo. Hili linapaswa kutugusa sisi tunaosahihisha mitihani. Jibu sahihi la namba halitoshi kutuambia mtoto anafikiri nini.

Nirudi kidogo kwenye jambo linalochanganya hata walimu wazoefu. Uzito wa gunia ni nyutoni 800 kwenda chini, bamba linasukuma nyutoni 800 kwenda juu. Je, hizo ni kani na mjibizo wake, zile za sheria ya tatu ya Newton, kwamba kitu kikikisukuma kingine nacho husukumwa kwa kani iyo hiyo kuelekea kinyume? Vipo vitini vingi vinavyosema ndiyo. Si kweli. Tumia kanuni yetu ya kutaja vitu viwili, utaona mara moja. Dunia inalivuta gunia. Mwenzake ni gunia kuivuta Dunia. Bamba linalisukuma gunia. Mwenzake ni gunia kulisukuma bamba. Kani za sheria ya tatu daima ziko kwenye vitu viwili tofauti, kwa hiyo haziwezi kufutana. Kani zinazofutana ziko juu ya kitu kimoja. Kuna jaribio la haraka: ondoa mizani. Msukumo wa bamba umetoweka, lakini Dunia bado inalivuta gunia na gunia bado linaivuta Dunia. Kama zile mbili za kwanza zingekuwa jozi, zingetoweka pamoja.

Sasa kamba. Kwangu mimi hili ndilo somo zuri kuliko yote katika mada hii, na linagharimu kamba ya manila na chupa mbili za maji za lita moja. Wape vijana wawili wenye nguvu kamba, kila mmoja ashike ncha. Katikati funga chupa zote mbili, jumla nyutoni 20. Waambie wavute mpaka kamba inyooke kabisa. Darasa litacheka kwanza, likiamini ni kazi ya sekunde moja. Watavuta mpaka wakunje uso, na katikati patabaki na mteremko mdogo. Badilisha vijana. Ongeza wawili. Bado.

Chora fundo pale chupa zilipofungwa. Nani anagusa fundo? Kamba ya kushoto, kamba ya kulia, na uzi wa chupa. Kila upande wa kamba ukiwa umeinama nyuzi (digrii) 30 kutoka usawa, kila mmoja anavuta nyutoni 20. Ukibaki mwinamo wa nyuzi 5, kila mmoja anahitaji karibu nyutoni 115. Mwinamo ukiwa digrii moja tu, ni nyutoni 573 kila upande, yaani kani ya kubeba kilo 57, kwa ajili ya kilo mbili za maji. Na kamba ikinyooka kabisa, hakuna tena sehemu yoyote ya kani yake inayoelekea juu, kwa hiyo maji hayana wa kuyashikilia. Ndiyo maana haiwezekani kabisa, hata mlete timu nzima ya mpira.

Wanafunzi ambao hawajasoma trigonometria wasinyimwe haya. Wachore kwa skeli, sentimita 1 kwa nyutoni 5. Mishale ifuatane, kichwa cha mmoja kwenye mkia wa mwingine. Kwa nyuzi 30, watapata pembetatu yenye pande tatu sawa, sentimita 4 kila upande, na itafungika. Kufungika huko ndiko msawazo. Isipofungika, pengo lililobaki, kutoka mkia wa kwanza mpaka kichwa cha mwisho, ndilo kani tokeo, ukubwa na mwelekeo wake. Nimewaona wanafunzi waliokuwa kimya muhula mzima wakisogea mbele kupima pengo hilo kwa rula, kwa sababu sasa kani tokeo ni kitu wanachoweza kukipima.

La mwisho nitalipitia kwa haraka, maana lina mada yake. Jumla ya kani kuwa sifuri haitoshi, kitu kinaweza kuzunguka. Mtumie mbeba mzega. Mti una sentimita 150, ncha moja ndoo ya lita 20, nyingine ya lita 10. Bega likiwa katikati mti utapinduka, ingawa bega linasukuma juu vya kutosha. Lisogezwe mpaka sentimita 50 kutoka ndoo kubwa na 100 kutoka ndogo, tukiuacha uzito wa mti na wa ndoo zenyewe. Zidisha uzito wa kila ndoo kwa umbali wake kutoka begani: nyutoni 200 mara 50 ni 10,000, na nyutoni 100 mara 100 ni 10,000, kwa hiyo pande mbili zinalingana. Mbeba maji hufika hapo bila kalamu.

Kuhusu kusahihisha: naomba alama zitolewe kwa mchoro kabla ya namba. Mwanafunzi aliyetaja kila kani na wahusika wake wawili, kisha akakosea kuzidisha, amejua fizikia. Aliyepata namba bila mchoro tumuulize. Na kabla ya kila onyesho watabiri kwa maandishi kwenye daftari, si kwa kunyoosha mikono, kwa sababu mikono hufuata ya yule anayejulikana kuwa na akili.

Kwenye meza zenu mmewekewa pete moja, nyuzi tatu, mizani tatu za springi na karatasi kubwa. Wawili wavute kwa nyutoni 6 na nyutoni 8, nyuzi zao zikifanya pembe mraba. Kabla wa tatu hajavuta, kila kundi liandike atasoma nyutoni ngapi na atavuta kuelekea wapi. Walimu wa hisabati, naomba msiwaambie wenzenu jibu. Tuna nusu saa.