Taja Bei, Kisha Nyamaza

Habari za mchana. Mwenyekiti amenitambulisha kama mhunzi, na nimewaona mafundi wawili wa Kamukunji, kule kwa wafua vyuma wa jua kali, pale nyuma wakitazamana na kucheka. Wana haki ya kucheka. Wao hufua chuma kuanzia Jumatatu alfajiri. Mimi Jumatatu niko ofisini nimefunga tai, na nyundo naishika Jumamosi nyuma ya nyumba yangu Ruai, baada ya kuelewana na majirani kuhusu kelele na moshi. Uhunzi wangu ni wa kujifurahisha. Lakini visu vikijaa ndani ya nyumba, mke huuliza vinaenda wapi, na hapo biashara huanza, utake usitake.

Naona hapa kuna wanaosuka vyondo, wanaochonga miiko, na dada mmoja ameniambia mlangoni kwamba anatengeneza sabuni. Nitazungumza juu ya chuma kwa kuwa ndicho ninachokijua, lakini mwenye sabuni asilale.

Nianze kwa kugombana na wahenga, Mungu anisamehe. Walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunaofanya kazi za mikono tunaipenda sana methali hii, kwa sababu inaturuhusu kukaa kimya. Mtu anapanga visu vyake kwenye kitambaa, anakaa nyuma ya meza na kutazama simu. Mteja akija na kuuliza, "Hiki ni ngapi?", anajibu, "Aah, si utoe tu kitu kidogo." Au lile jibu linaloniudhi kuliko yote: "Kwani wewe unaona ngapi?" Mteja anaona mia mbili, bila shaka. Mlitaka aone ngapi?

Nendeni Gikomba asubuhi, marobota ya mitumba yakifunguliwa. Nguo ya daraja la kwanza, ile wanaiita kamera, ni nzuri na kila mtu anajua ni nzuri, na bado muuzaji amepanda juu ya meza anaitangaza mpaka sauti inakauka. Hakuna anayemwona kibaya kwa kuitembeza. Kizuri kinajiuza mara ya pili, kwa mtu aliyekwisha kukitumia. Mara ya kwanza lazima mtu akiseme.

Sasa, kusema si kupiga domo. Fundi wa Jumamosi akiogopa kutaja bei, mara nyingi tatizo haliko mdomoni. Anaogopa kwa sababu hajui kitu chake kitafanya nini mikononi mwa mwingine, na hajui kilimgharimu ngapi. Ukijua mambo hayo mawili, sauti inakaa yenyewe. Kwa hiyo nivumilieni turudi kwenye moto kidogo.

Visu vyangu navifua kutoka kwenye springi za gari, yale mapande bapa ya chini ya lori. Springi hizo kwa kawaida zina kaboni karibu asilimia 0.6, na kaboni hiyo ndiyo inayokifanya chuma kiwe kigumu kikipashwa moto na kuzimwa ghafla. Nondo za ujenzi msiziamini kwa kisu. Mchanganyiko wake haueleweki, na nyingi hazishiki makali. Chuma laini cha kuchomelea mageti hakiwi kigumu hata ukizamishe mara kumi. Hicho ni cha kulabu, na kulabu nitazirudia, kwa sababu zina pesa kuliko mnavyodhani.

Unapofua, chuma kiwe na rangi ya chungwa. Kikishapoa mpaka wekundu wa giza, ukiendelea kukigonga unakitafutia ufa. Ukifika wakati wa kukikaza, sumaku ndiyo kipimajoto chetu sisi tusio na vyombo: joto likifika kama nyuzi 770, sumaku huacha kukishika. Kipashe kidogo zaidi ya hapo, kisha kizamishe kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kiasi. Si maji. Springi ukiizima kwa maji utasikia mlio mdogo, tik, na kazi yako ya tangu asubuhi imekwenda. Kikitoka kwenye mafuta ni kigumu, tupa inateleza juu yake bila kung'ata, lakini kikianguka sakafuni kinavunjika kama glasi. Ndiyo maana kinaingia oveni, hii ya kawaida ya jikoni, nyuzi 200 kwa muda wa saa 2, mpaka uso uliosuguliwa uwe manjano hafifu. Hapo ugumu umepungua kidogo na uvumilivu umeongezeka.

Nikiwa hapo hapo: msichome motoni bomba wala bati lililopakwa zinki. Ule moshi mweupe utakulaza na homa. Na chuma chakavu kinunueni kwa mwenye leseni, mpewe risiti. Tuna Sheria ya Chuma Chakavu ya mwaka 2015, na mnakumbuka Januari 2022, nguzo za umeme zilipoanguka na nchi ikaingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa. Kipande cha reli ni fuawe nzuri sana kwa anayeanza, lakini ukikiokota kando ya njia ya treni, maelezo yako utayatoa kituoni.

Kwa nini nimewapeleka kote huko? Kwa sababu mteja akishika kisu na kuuliza, "Kitadumu?", mtu aliyepima kwa sumaku na tupa hana haja ya kuapa. Anasema alichokifanya.

Lakini kuna kipimo kinachozidi tupa. Kabla ya kuuza umbo jipya la kisu, nampelekea mama mboga wa mtaani kwetu akae nacho wiki nzima. Yule mama anakata sukuma wiki tangu watu wanapoanza kutoka kazini mpaka usiku, fungu baada ya fungu, nyembamba kama zinavyotakiwa, na mikono imelowa muda wote. Hana sababu ya kunisifu. Kisu kimoja alinirudishia akasema, "Baba, makali ni mazuri, lakini huu mpini ukilowa unanitoroka. Na nyanya zimekiacha cheusi." Mpini niliubadilisha. Weusi ni tabia ya chuma cha kaboni, hauondoki, kwa hiyo sasa ni sehemu ya maelezo yangu: kisu hiki kitabadilika rangi, kitashika kutu ukikiacha kwenye sinki usiku, kifute na ukipake mafuta kidogo. Namwambia mteja hivyo kabla hajatoa pesa. Wengine huenda zao, na ni heri waende, kwa sababu wangerudi na malalamiko. Wanaobaki wananiamini kwa mengine yote ninayosema.

Haya, gharama. Watu wa mikono hawapendi sehemu hii, basi nitaipitia kwa mfano. Tuseme springi, makaa, mbao ya mpini, msasa, diski za grainda, umeme na nauli vimekuja shilingi 1,100 kwa kisu kimoja. Tuseme umetumia saa 6, na saa yako umeipa shilingi 250, ambayo si ya kujivunia. Hiyo ni 1,500. Jumla 2,600. Wengi husimama hapo. Lakini visu havikubali vyote. Tuseme kati ya 6 kimoja kinapasuka au kinapinda. Umetumia 15,600 na una visu 5 vya kuuza, kwa hiyo kila kimoja kimekugharimu 3,120. Na bado hujalipia meza ya soko, hujafunga kwa karatasi, hujapata faida. Ukisema 3,500 hujamwibia mtu. Andika hesabu hiyo kwenye daftari, kwa mkono wako, uwe nayo mfukoni. Mteja akisema supermaketi kuna kisu cha 300, utakubali kwa roho safi kwamba kweli kipo, na kinakata.

Kuna rafiki yangu, naye ni mtu wa mshahara, anauza visu kama hivyo kwa 1,000. Nikimuuliza anasema, "Mimi sina njaa, nafanya kwa mapenzi tu." Ananiona mimi mlafi. Nataka mafundi wa pale nyuma wanisikie vizuri hapa. Ukiuza chini ya gharama kwa sababu una mshahara, tofauti inalipwa na mwajiri wako, na anayeumia ni fundi asiye na mwajiri. Mteja aliyepata kisu cha kufuliwa kwa 1,000 kutoka kwako ataenda Kamukunji amwambie mtu mwenye watoto shuleni, anayelipa kodi ya banda, kwamba bei yake ni ya kitapeli. Kuuza hivyo tunakuita unyenyekevu. Kwangu mimi, mtu wa kujifurahisha ndiye anayepaswa kuwa wa mwisho kushusha bei, kwa kuwa kisu kisiponunuliwa leo, yeye bado atakula ugali jioni. Kama unataka kutoa, toa bure kabisa, kiwe zawadi na kijulikane ni zawadi. Zawadi haiharibu soko la mtu.

Na msikubali kuambiwa huu ni mchezo wa Wazungu wa kwenye video. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kwamba wafua chuma wa upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, huko kwa Wahaya, walikuwa wakitoa feleji ya kaboni kwenye tanuri za mivukuto zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hapa kwetu Wakikuyu walikuwa na muturi, yaani mhunzi, na laana ya muturi iliogopwa. Sisemi mlaani mteja. Nasema tu kwamba watu hawa hawakuwa wakiinamisha macho.

Nilisema nitarudia kulabu. Kulabu ya kutundikia koti, ya chuma laini, ina mapigo machache na msokoto mmoja katikati. Aliyezoea anaimaliza kwa robo saa. Ukiuza 300, saa moja imekuletea 1,200 kabla ya kutoa makaa na chuma, na chuma chenyewe ni kidogo. Kisu hakitakulipa hivyo kamwe. Zaidi ya hapo, anayeogopa kusema "elfu tatu na mia tano" anaweza kusema "mia tatu" bila kutetemeka. Ataisema Jumamosi nzima, watu watalipa, na jioni ulimi umezoea. Anayeanza aanze na kulabu na vifungulia chupa. Kisu kikae mezani kama ushahidi wa unakoelekea.

Kuhusu kupatana bei: hii ni Nairobi, mtu asikasirike akiambiwa apunguze. Kule Maasai Market bei ya kwanza ni salamu tu, wote wawili wanajua, na mchezo una adabu yake. Mimi kwa visu siupendi, kwa sababu ukianza na 6,000 ukashuka hadi 3,500, umemwonyesha mteja kwamba sentensi yako ya kwanza haikuwa ya kweli, na hapo hata maneno yako kuhusu kutu yanapoteza uzito. Taja bei, kisha nyamaza. Ule ukimya ni mgumu. Ulimi unawasha kutaka kuujaza na "lakini tunaweza kuongea." Mwache mteja afikirie. Akisema, "Fanya vizuri basi, kaka," usiguse bei ya kisu, mwongezee kulabu. Gharama yake kwako ni ndogo, na yeye anaondoka ameshinda kitu.

M-Pesa nitaisema kwa kifupi: pesa za visu ziingie kwenye laini yake au namba yake ya till, zisichanganyike na za unga na tokeni. Vinginevyo mwaka utaisha hujui kama una kazi au una mzigo.

Muda umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali mawili.

Dada anauliza kuhusu kuweka picha kwenye status ya WhatsApp na kuandika "njoo inbox kwa bei." Usifanye hivyo, dada yangu. Anayeuliza bei kwa siri anajua anaweza kuambiwa bei yoyote, na mwenye haya kama wewe haulizi kabisa. Andika bei chini ya picha. Wale wasioweza watapita bila kukusumbua, na anayekuja ameshakubali nusu ya njia. Kwa sabuni andika na uzito wa kipande, watu wanapenda kulinganisha.

Na fundi wetu pale nyuma anauliza, kisu kikirudishwa je? Swali la mtu wa kazi hilo. Mimi nasema hivi: kikivunjika katika kukata chakula, nakufulia kingine. Kikivunjika kwa kufungulia mkebe wa rangi, na ncha huwa inasema yenyewe, tutaelewana bei ya kukitengeneza. Kunoa ni bure muda wote kisu kitakapokuwa hai, ila nauli ya kukileta Ruai ni yako, na uje Jumamosi.