Siri ya Mtungi: Kuandika na Kupiga Filamu ya Taharuki Kuhusu Mastaa wa Televisheni

Wazee wetu, shikamooni. Vijana wa Mwanza, sogeeni mbele, viti vipo.

Wengi mnaoandika taharuki kuhusu mastaa wa televisheni mnaanza na staa mwenyewe: gari, michepuko, jumba la Capri Point. Dakika ya 20 mtazamaji ameshajua mwisho. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Basi mtafuteni kata: fundi sauti, mpambaji wa vipodozi, dereva, mshindani aliyetemwa.

Mwaka 1956 huko Marekani, kwenye shindano la maswali la Twenty-One, Herbert Stempel alikuwa akipewa majibu na waandaaji. Kisha akaamriwa ashindwe ili Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu, achukue nafasi. Swali mojawapo alilotakiwa kulikosea lilihusu filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955, filamu aliyokuwa akiipenda. Tarehe 2 Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba naye alipewa majibu. Swali lile jepesi lina maumivu kuliko mbio zozote za magari. Aliyenyweshwa aibu hadharani ndiye mwenye sababu ya kusema.

Sasa kifaa. Maiki ya kubana kwenye kola ina waya unaopita ndani ya shati hadi kwenye kisanduku cha kurushia sauti kiunoni. Ukifika muda wa matangazo ya biashara, fundi huishusha sauti isiende hewani, lakini kisanduku hakijazimwa. Akivaa hedifoni na kubonyeza kitufe cha kusikilizia, anamsikia mtangazaji akinong'ona koridoni. Siri imevuja bila mhusika yeyote kufanywa mjinga. Onyesheni ile taa ndogo ya kisanduku, sekunde 3 au 4, kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Ukiionyesha baada ya maneno, utapata mshtuko wa mara moja. Ukiionyesha kabla, kila neno analotamka linamtia mtazamaji jasho.

Halafu wekeni daftari. Safu moja kwa kila mhusika, mstari mmoja kwa kila onyesho, na ndani yake andikeni anachojua hadi hapo. Kosa linaloua filamu hizi ni mhusika kutaja jambo ambalo bado hajaambiwa. Mara nyingi huingia mnapohamisha onyesho wakati wa uhariri, kwa hiyo daftari lifike hadi kwa mhariri.

Kwenye kupiga: umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo rekodini fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Mkiweka 1/60, taa nyingi za studio na baadhi ya skrini zitacheza mistari. Onyesho la machweo pale Jiwe la Bismarck, lile la Ziwa Victoria hapa Mwanza, lifanyieni mazoezi mapema, maana jua likishazama mna kama dakika 20 tu za mwanga. Mazungumzo ya ufukweni yapigeni asubuhi. Alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na ukishaingia kwenye maiki hauondoki bila kula maneno. Vikeni maiki manyoya hata kama kumetulia.

Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe kabla ya kamera kutoka. Na msimfananishe mhusika na staa anayejulikana kwa sauti, mtaa au kipindi. Kubadilisha jina peke yake hakuwakingi na kesi ya kashfa.

Haya, fungueni madaftari. Tuanze na onyesho la 1: nani anajua nini?