Utupa na Maji ya Bwawa

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Hombolo! Naona wengine mmetoka bustanini moja kwa moja, matope bado miguuni. Asanteni kwa kuja.

Majani haya mnayajua. Naam, utupa. Ukiyatwanga, ukayaloweka usiku kucha na kuyachuja, maji yake yanaua vidukari kwenye mboga. Wafugaji nao huyatumia kwa kupe. Na toka enzi za mababu, watu wa kando ya mito wameyatumia kuvulia samaki. Hapo kwenye samaki ndipo ninapotaka tusimame.

Sumu iliyomo inaitwa rotenoni. Wengi hudhani inamaliza hewa ya majini. Sivyo. Inapita kwenye matamvua, inaingia kwenye damu, kisha inazizuia seli kuitumia oksijeni. Samaki anakufa kwa kukosa pumzi, na maji yamejaa hewa! Sisi tukiimeza, tumbo hufyonza kidogo tu, ndiyo nafuu yetu. Vumbi la majani makavu likivutwa puani, nafuu hiyo haipo. Mwaka 2000 wanasayansi wa Marekani walichapisha utafiti: panya waliotiwa rotenoni mishipani kwa wiki kadhaa walipata dalili kama za Parkinson, ugonjwa ule wa kutetemeka. Panya wale hawakula mchicha, kwa hiyo mama zangu msiogope mboga iliyooshwa vizuri. Ninachoomba ni kwamba anayetwanga afunge pua na mdomo, na kinu kile kisirudi jikoni kamwe.

Jua letu la Dodoma linatusaidia, maana rotenoni huvunjwa na mwanga na joto ndani ya siku chache, wakati DDT, ile dawa ya wadudu ya kiwandani, hukaa udongoni miaka. Lakini siku chache hizo zinatosha kumaliza perege kwenye kidimbwi. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu, nasi tunaweza kuwaua samaki wale wale bila hata kushika nyavu, kwa kusuuza bomba la kupulizia bwawani.

Jambo jingine: kuna utupa usio na rotenoni, na kwa macho huutofautishi. Ukipuliza wadudu wasife, usiongeze majani maradufu. Tafuta mbegu kwa jirani ambaye wake unaua.

Sasa tutoke. Bomba hili tutalisuuza pamoja, pale kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji.