Mto Ukipungua Mvua Ikinyesha, Kimbieni

Wenyeviti wa vijiji, watendaji wa kata, walimu, kina mama na kina baba: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Masika mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayaeleza. Nimekuja na jambo moja. Wanaonijua wameshalisikia, na leo watalisikia tena.

Mto ukijaa, watu huogopa. Vizuri. Lakini mto ukipungua ghafla, mvua ingali inanyesha, watu hufurahi. Hapo ndipo tunapofia.

Nilikuwa na miaka 11, kwetu Uluguru. Mvua ilikuwa imepiga siku mbili usiku na mchana, mto unanguruma hata ndani ya nyumba hatusikilizani. Asubuhi ya siku ya tatu, kimya. Tukatoka. Mvua ipo, mto haupo! Maji yamebaki ya kulowesha vifundo vya miguu, samaki wanarukaruka juu ya mawe. Sisi watoto tukaingia na makarai. Babu alikuwa jikoni anaota moto. Aliposikia ule ukimya alitoka bila fimbo yake, mzee ambaye hata chooni haendi bila fimbo, akachukua debe akaligonga huku anaita: "Tokeni! Pandeni! Maji yameshikwa!" Mama akanikamata mkono, tukakwea kwenye migomba. Kijana mmoja wa jirani alikuwa ameshatoka, akarudi kuchukua karai lake. Maharage yaliyokuwa motoni hayakuwahi kuiva. Lililoshuka halikuwa maji, lilikuwa tope jeusi lenye mawe na magogo. Yule kijana hatukumzika, kwa sababu hatukumpata.

Maji yameshikwa. Babu hakusoma, lakini alijua kwamba mvua ikinyesha na mto usije, basi huko juu kuna kitu kimeuzuia. Kipande cha mlima kilikuwa kimeporomoka kikaziba bonde, maji yakajaa nyuma yake, na udongo uliomwagika ovyo hauwezi kuzuia maji kwa muda mrefu.

Najua kuna anayesema moyoni, hayo ni ya wazee, na huku kwetu hakuna milima mirefu hivyo. Haya, twende Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024. Mwanzo ilisemwa bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ya huko ikaeleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani, kwa sababu kalavati iliyo chini yake ilikuwa imeziba. Tuta likakatika, makumi ya watu wakafa, wengi wakiwa vitandani. Mlima haukuporomoka hapo. Ni kalavati tu, na maji yaliyoshikwa.

Na mlima Hanang, mkoani Manyara, 3 Desemba 2023, Jumapili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza mapema kwamba vuli ile ingekuwa ya mvua nyingi. Alfajiri sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu, iliyokuwa imenyonya maji, ikameguka. Tope likashika njia ya mto Jorodom hadi mji wa Katesh, likibeba miti na mawe. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wako waliosema ni volkano, na mpaka leo wapo. Si volkano, ndugu zangu! Ni udongo ulioshiba. Pikeni uji mzito, mwiko unasimama. Ongezeni maji kidogo kidogo, unafika mahali mwiko unaanguka. Mlima nao una mahali hapo. Na tope ni zito kuliko maji, ndiyo maana linabeba jiwe ambalo mto wa kawaida ungelipita pembeni.

Swali ninaloulizwa kila mahali: "Mtaalamu, shamba langu ni hapa, nihamie wapi?" Nalielewa, na wenye kugawa ardhi wana deni la kulijibu. Lakini mimi leo siombi mtu ahame moja kwa moja. Naomba usiku mmoja! Mvua ikipiga mfululizo, kalaleni kwa ndugu aliye mbali na korongo, au shuleni, msikitini, kanisani. Kesho mtarudi. Mwingine ananijibu kwamba kifo kimeandikwa. Kimeandikwa, sawa, lakini wewe umesomewa tarehe? Mwamshe mtoto, muondoke.

Naonyeshwa saa. Basi haraka: nyufa mpya shambani, mlango ulioanza kukwama wakati jana ulikuwa unafunga, mti au nguzo iliyoinama, chemchemi mahali ambapo haikuwepo, maji ya kijito yaliyobadilika rangi. Ukiona kimojawapo, usisubiri cha pili. Ukikimbia, usifuate bonde kushuka, maana tope litakufikia. Kata upande, panda. Madereva: maji ya sentimita 60 yanayokwenda kasi yanaweza kusomba gari, msibishane nayo darajani. Nilikuwa na habari za upandaji miti kwenye miteremko, hizo nitaziacha.

Ila asubuhi hii nimepita kwenye kalavati iliyo chini ya shule. Imejaa magunzi, mabua na chupa za plastiki hadi nusu, na juu yake ndipo watoto wanapopita. Mwenyekiti, naomba majembe na watu kumi. Maswali mtaniuliza tukiwa kule.